Dawa Mbili za Kulaza Moyo

Lifti ya hospitali ilikwama saa ya kuona wagonjwa, imejaa watu, vikapu na malalamiko. Mlango ulipolazimishwa kufunguka, alichungulia kijana mwenye ovaroli la buluu lililojaa grisi, anatabasamu kana kwamba kawaalika sherehe.

"Poleni, jamani. Dada, nipe mkono."

Dada alivaa sare ya kijani ya chumba cha upasuaji, nywele kazificha ndani ya kofia ya kitambaa. Alimpa mkono, na kijana akasahau kuuachia.

"Mimi nasimamisha lifti na kuziwasha. Wewe je?"

"Mimi nasimamisha mioyo."

"Wangu tayari. Sasa uwashe."

Alicheka mpaka akaona haya. Kweli ndiyo kazi yake: kuendesha mashine inayozungusha damu, daktari akiunganisha mishipa mipya kwenye moyo uliolazwa kwa dawa. Tangu hapo simu yake haikupoa.

"Mlaza mioyo wangu, umekula?"

"Fundi, niache nifanye kazi."

"Sema kwanza unanipenda."

Akasema. Alimpenda hasa, asikudanganye mtu.

Kisha mishipa ya moyo ya mama yake Fundi ikaziba. Wakati huo hospitali ilikuwa inalinganisha dawa mbili za kulaza moyo: moja hutiwa mara moja tu, nyingine hurudiwa kila baada ya muda. Mgonjwa aliyekubali kushiriki alichaguliwa dawa na kompyuta, na siri ilitunzwa mpaka utafiti uishe. Mama alikubali bila kusita.

"Nipe yoyote, mkwe wangu, mradi uniamshe nije nicheze kwenye harusi yenu."

Fundi alimvuta mpenzi wake pembeni. "Mpe ile nzuri."

"Hatujui ipi nzuri. Ndiyo maana tunalinganisha."

"Angekuwa mama yako?"

"Ningeiachia kompyuta." Alitabasamu aliposema hivyo, apate kumtoa hofu.

Moyo wa mama ulilala vizuri. Mishipa ikaunganishwa, damu ikarudishwa, na moyo ukagoma kuamka. Walihangaika nao mpaka daktari akainamisha kichwa. Aliyezima mashine ni yeye, mkwe.

Fundi alimngoja koridoni, shati jeupe la kumpokelea mama limemlowa jasho.

"Lifti ikigoma najua waya gani. Niambie ni dawa gani."

"Siruhusiwi. Na huenda siyo dawa, mpenzi, moyo wenyewe ulikuwa umechoka..."

"Usiniite mpenzi. Mama yangu ulimwachia kompyuta."

Akaondoka kwa ngazi. Simu zake hakupokea tena, na lifti za hospitali zikaanza kutengenezwa na mtu mwingine.

Utafiti ulipokwisha na siri kufunguliwa, dada alimpigia Fundi kwa namba ya kazini.

"Ni mimi. Matokeo yametoka."

"Ipi ilikuwa mbaya?"

"Hakuna. Zimelingana."

"Kwa hiyo hata ungemchagulia..."

"Ingekuwa vilevile, Fundi."

Alimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake mwanamke aliuliza kwa sauti ya mtu aliye kwake, "Nani huyo, mume wangu?"

"Mtu wa hospitali," Fundi alijibu. Halafu akanong'ona kwenye simu, "Kumbe nilikuacha bure?"

Alitaka kumwambia hapana, amwonee huruma hata kidogo. Hakuweza kumdanganya.

"Bure," akasema, akakata simu, akarudi kuandaa mashine kwa ajili ya mgonjwa wa asubuhi ile.