Jina la Mkwe Katika Boma la Ilolo

Zama zile misafara ya pembe ilipokuwa ikikata nchi kutoka pwani hadi maziwa makuu, boma la Ilolo lilizingirwa na majeshi ya Igumbi. Adui alikuwa ameshika kisima, na ndani ya uzio wa minyaa watu walikuwa wakilamba umande wa majani. Mtawala wa boma hilo, Mtemi Chui, alivaa kilemba chekundu na bangili za pembe hadi kiwikoni, lakini midomo yake ilipasuka kwa kiu sawa na ya watumwa wake.

Tumaini lilibaki moja. Mwanawe Lugembe ageuzwe chui, apenye vichakani kati ya maadui, akawaite jamaa zao wa Nsanzu ng'ambo ya kilima. Aliyeujua uganga huo ni mke wa Lugembe, Kalunde, aliyeurithi kwa mama yake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika Ilolo mkazamwana hakuruhusiwa kutamka jina la baba mkwe wake, hata kama ni jina la mnyama. Tangu aolewe, Kalunde alimwita mnyama yule "mwenye madoa", na ulimi ukazoea. Basi akampaka mumewe majivu yaliyoloweshwa kwa umande, akasema kwa sauti, "Mwili huu uwe wa mwenye madoa!"

Uganga haujui heshima za ukweni. Ulisikia madoa, ukatoa madoa. Lugembe akawa kanga wa porini, anatapatapa vumbini, ila macho yalibaki yake, nayo yalimtazama mkewe kwa hofu.

"Mrudishe!" Mtemi akaguta.

"Liko neno la kurudisha kilichokosewa, Baba," Kalunde akajibu. "Lisemwe na kinywa kilekile kilichokosea, kabla majivu hayajakauka. Na lazima kitajwe kilichokusudiwa, waziwazi, bila kuficha."

Wote wakaelewa. Mwanamke aliyetaja jina la mkwewe alifukuzwa nchini siku hiyohiyo, asirudi tena.

"Mtemi aondoke, asisikie," akashauri Shija, jemadari wa boma.

"Jina ni lilelile hata nikiwa sipo," Mtemi akasema. "Nimewafukuza wake za watu kwa sheria hii. Nitaikunja vipi kwa wa mwanangu?"

Majivu yalianza kuwa meupe kwenye manyoya. Lugembe akainamisha kichwa, akadonoa mchwa. Alipoinua macho tena, yalikuwa ya ndege zaidi kuliko ya mtu, na Kalunde akahisi moyo unamkatika. Ilolo ilikuwa nchi yake sasa, aliipenda, hakutaka kuiacha. Akavuta pumzi.

"Si mwenye madoa! Nilikusudia chui! Kosa lirudi, mtu arudi!"

Wanawake wakaziba masikio. Lugembe akaanguka pale chini, mtu mzima, anahema. Kalunde hakumpa hata nafasi ya kusema. Alichota majivu mengine, akampaka.

"Uwe chui!"

Mnyama akaruka uzio. Mishale ya Igumbi ikamkosa, vichaka vikamficha. Ng'ambo ya kilima uganga ukamtoka wenyewe, kama ulivyopangwa, naye akaingia Nsanzu kwa miguu yake ya kibinadamu akipiga ukelele wa vita. Alasiri ile mikuki ya Nsanzu ilimshukia adui kutoka mgongoni, lango la Ilolo likafunguliwa, na watu wa Igumbi wakakimbia wakiacha ngao zao kisimani.

Watu walikuwa bado wanakunywa maji kwa viganja Mtemi alipomwita Kalunde langoni.

"Mwanangu," akasema, machozi yakimtoka bila kuyaficha, "umenitaja mara ya kwanza, ukanirudishia mtoto. Umenitaja mara ya pili, ukaniokolea nchi. Toka Ilolo kabla giza halijaingia."

Lugembe hakubishana na baba yake. Alitundika ngao begani, akasimama upande wa mkewe, naye ndiye aliyekuwa mrithi pekee wa kiti cha utemi.

Kalunde akapiga magoti kwa adabu. Kisha akainuka, maana sheria iliyomfukuza ilikuwa pia imemvua ukwe, akamtazama mzee usoni kwa mara ya kwanza.

"Baki salama, Chui," akasema.