Niliapa Kwamba Binti Yangu Alionja

Nina miaka hamsini na sita. Ni mjane, mkulima wa migomba na kahawa huku Muleba, na katika watoto watatu niliozaa, Mungu aliniachia mmoja tu, Kemilembe. Nalitaja hili mapema, wasomaji wenzangu, si kwa kujitetea... ila mjue mtoto wa pekee anavyoweza kumpofusha mama yake.

Kemi alisoma, akapata kazi ya ofisini Bukoba mjini, na huko huko akapata mchumba, kijana wa Kiislamu wa Bilele, fundi umeme, mpole. Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa. Nilinung'unika, lakini kimoyomoyo, maana kijana mwenyewe hakuwa na kasoro ya kushika.

Tatizo lilikuwa shemeji yangu, Ta Ishengoma, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu na mkuu wa ukoo wetu. Bila yeye kukubali, binti haondoki nyumbani kwa heshima. Tulimwambia kwamba mchumba ni Mwislamu, akaguna. Hatukumwambia kwamba Kemi alikuwa ameshasilimu.

Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, Kemi alikuja nyumbani kwa likizo fupi. Alikuwa anafunga. Nilimpikia futari kwa mikono yangu, ebitoke, ndizi zetu za kupika, na uji, tukawa tunakula tumefunga mlango kama watu walioiba.

Siku ya tatu nilikamua ndizi mbivu. Ta Ishengoma alikuwa amekatazwa pombe na daktari, akabaki kupenda juisi yake, ile tamu kabla haijatiwa mtama ikawa pombe ya lubisi. Nikamwambia Kemi ampelekee baba yake mkubwa, tumlainishe moyo. Nikamwachia kazi ya kuchuja, mimi nikaenda kusali jumuiya.

Kwetu Buhaya kinywaji hakikabidhiwi hivi hivi. Anayekileta hukionja kwanza, anayepewa akiona. Ni adabu, na ni kama kiapo, kwamba ninachokupa hata mimi nakinywa. Sasa Kemi amefunga, angeonja vipi? Akaona akwepe. Alimkuta mke wa Ta Ishengoma mlangoni, akampa kidumu, akasema ana haraka, akageuka.

Huyo mke anaitwa Ma Byera. Alikuwa mke wa pili, aliyeolewa baada ya yule wa kwanza kufariki. Alitoka Biharamulo, hakujaliwa mtoto, na kwa watu wa ukoo alibaki mgeni miaka yote. Kwangu alikuwa zaidi ya ndugu. Mume wangu alipokufa, ni yeye aliyelala kwangu mwezi mzima akinilazimisha kula. Tulisuka mikeka pamoja, tukateta watu pamoja.

Kilio kilipigwa saa kumi. Nilikuwa narudi kutoka jumuiya, nikafika wa kwanza. Ta Ishengoma alikuwa sakafuni, Ma Byera amempakata kichwa, anaita kwa Kihaya, "Mawe, mawe!" yaani mama, mama. Nikakimbilia jikoni kutafuta maji. Ndipo nikakiona...

Kidumu cha njano cha lita tano, mpini umeungua upande mmoja. Kilikuwa changu! Kilipaswa kuwa stoo kwangu, nyuma ya magunia, kikiwa na dawa ya kupulizia mibuni.

Nani aliweka dawa ya mibuni kwenye kidumu cha juisi? Mimi. Chupa yake ilipasuka, nikaona uvivu kutafuta chombo kingine, nikajisemea stoo naingia mwenyewe tu. Kemi akatafuta kidumu, akakiona hicho, akamwaga masalia akidhani ni maji machafu, akasuuza mara moja. Mtoto wa shule na ofisi, angejuaje? Na Ta Ishengoma pua yake ilikuwa imekufa kwa ugoro wa miaka mingi. Hakusikia harufu yoyote.

Pale jikoni nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja tu. Kidumu ni changu, tumekosea. Ingekuwa ajali! Watu wangelia, polisi wangeuliza, ukoo ungenitukana mpaka uchoke, lakini ingebaki ajali. Badala yake nilikiingiza chini ya kitenge, nikatokea mlango wa nyuma, nikapita katikati ya migomba hadi kwangu, nikakitupa chooni. Kisha nikarudi msibani nikalia kuliko wote.

Habari ya kidumu sikumwambia Kemi. Nilimvuta pembeni nikamwambia, "Wakikuuliza, sema ulionja kwangu kabla hujatoka. La sivyo watauliza kwa nini hukuonja, dini yako ijulikane katikati ya msiba." Akakubali. Masikini, alidhani tunaficha saumu.

Polisi walichukua kikombe alichonywea marehemu, kikakutwa na dawa ya mibuni, dawa ambayo haikosekani katika nyumba za wakulima wa kahawa. Wakauliza kidumu kiko wapi. Ma Byera akasema alikiacha jikoni. Jikoni hakikuwepo. Watu wakaanza kutazamana.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa. Ta Mugasha, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeuliza swali nililokuwa naliogopa. "Nani alionja?"

Ma Byera akasema, "Waitu, jamani, nililetewa mlangoni. Hakuna aliyeonja mbele yangu."

Kemi akainamisha kichwa, akasema alionja nyumbani kwa sababu ya haraka. Macho yote yakanigeukia. Kama mtoto alionja na yuko mzima, basi sumu iliingia baadaye, na baadaye kinywaji kilikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu. Nililijua hilo vizuri kabla sijafungua mdomo. Nikashika rozari yangu, nikaapa kwamba nilimwona akionja.

Ma Byera akasema, "Ma Kemi, nitazame usoni useme tena."

Nikamtazama. Nikasema tena.

Polisi walimkalisha siku kadhaa wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Ukoo haukumwachia. Mwanamke wa kuja, hana mtoto, nani angemsemea? Ningemsemea mimi. Nilichungulia dirishani nikimwona anaondoka na godoro kichwani, na sikutoka hata kumuaga. Siku ile ile Ta Mugasha aliingia kwenye kibanja cha kaka yake, nyumba na migomba yake yote.

Nilijidanganya kwamba yamekwisha. Ndoa tuliisogeza kwa ajili ya msiba, na ilipofungwa tulikwenda Bilele na wazee wachache wa ukoo. Dini ya Kemi haikuwa siri tena, mkuu mwenyewe ameshazikwa, na wengi walidhani amesilimu kwa ajili ya siku ile. Mchana wa karamu mama mkwe wake akasimama kumsifu. Mama wa watu, alikuwa na furaha ya kweli. Akasema, "Mkwe wangu huyu, Ramadhani yake ya kwanza kafunga kama aliyezaliwa nayo. Hata alipokwenda kwao Muleba hakuvunja hata siku moja. Mama yake huyo hapo ni shahidi, ndiye aliyekuwa anampikia futari."

Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikajikuta namtazama Ta Mugasha. Alikuwa ameshika tonge, na halikwenda mdomoni.

Alinifuata uani. Akaniuliza taratibu, "Saa ile alikuwa amefunga, eeh?" Nikainama kukusanya sahani. Akatikisa kichwa, akasema, "Usiogope, Ma Kemi. Sisi ni ukoo mmoja." Nami kwa ujinga wangu nikadhani ni huruma!

Siku chache baadaye nilimkuta kwenye kibanja changu aking'oa milamula, ile miti yetu ya kuwekea mipaka, na kuipanda ndani kwangu. Alinisalimia vizuri tu, kama jirani anayepalilia. Ningesema nini? Kwa nani? Kahawa ilipoiva alileta watu wake wakavuna mibuni yangu. Akipata wageni ananiagiza nipike, napika. Alijua kwamba Ma Byera akirudi yeye anapoteza kibanja, na mimi nampoteza Kemi. Tulifungwa kamba moja, ila mwisho wa kamba aliushika yeye.

Kanisani nilikwenda, nikabaki kwenye benchi wenzangu wakipanga foleni ya komunyo. Padri aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema miguu. Kemi akipiga simu nacheka, nikikata naketi kitandani bila kuwasha taa. Ukiwa na siri ya namna hiyo, hata salamu ya jirani unaiogopa... anauliza habari za nyumbani, wewe moyo unaruka.

Kemi alikuja na mimba ya miezi sita. Alitaka kusafisha kaburi la baba yake, ambalo kama desturi yetu liko ndani ya kibanja. Akarudi na jembe mkononi, uso umembadilika.

"Mama, mbona milamula imehama? Kaburi la baba liko upande wa Ta Mugasha."

Nikasema nimempa mwenyewe. Akaniambia, "Umempa mtu kaburi la baba?"

Hapo nilishindwa. Nilikaa chini kwenye nyasi za migomba, nikamweleza yote, kidumu, choo, rozari... yote.

Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu. "Ma Byera yuko wapi?" Sikujua. Miezi yote ile sikuwahi hata kuuliza.

"Ulinifanya nimwangamize mtu," akasema, "na hukuniambia. Ningejua siku ile, ningesema siku ile ile."

Nilipiga magoti, mimi mama yake, nikamsihi afikirie mimba. Akasema ndiyo anayoifikiria. Asubuhi aliondoka bila kuniaga. Niliposikia bodaboda inashuka barabarani nilijua anakwenda wapi, nikaita yangu, nikamkuta kwenye benchi la polisi, mikono juu ya tumbo, akisubiri zamu yake kama mtu aliyekwenda kliniki. Yule niliyeua urafiki wangu ili asikanyage mlango ule, ameukanyaga kwa miguu yake mwenyewe! Nikaingia, nikasema kidumu ni changu na kiapo cha uongo ni changu.

Kemi aliandikisha maelezo, akaruhusiwa kwenda kwa mume wake. Amejifungua salama mtoto wa kike. Mimi niko nje kwa dhamana, nangoja kesi yangu. Ukoo umegawanyika. Ta Mugasha anasema mimi ni kichaa, ila milamula ameirudisha, na kibanja cha Ma Byera ameamriwa akiache.

Ma Byera tulimpata Nshambya. Alikuwa anapalilia migomba ya watu, anaishi chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mwajiri wake. Amekonda. Nilipiga magoti mlangoni, Kemi nyuma yangu na mtoto mgongoni. Nilisema yote bila kujitetea. Alisikiliza akiwa ameshika jembe.

Kisha akasema, "Nilijua si mimi, lakini walivyosema wote, kuna siku nilianza kujiuliza kama labda ni mimi." Akafuta jasho. "Leo sikusamehe, Ma Kemi. Usinilazimishe. Lakini mmetembea juani. Kunyweni maji kwanza."

Akaingia ndani, akatoka na kikombe. Alisimama mbele yangu, akaonja, nikiona, kisha akanipa. Sijui niliyamezaje maji yale. Mpaka leo nikinywa maji nayasikia.

Wasomaji wenzangu, wazazi wenzangu, ninawasihi. Mtoto akikosea, hata kama kosa ni kubwa la kutisha, simama naye mahali watu wanaona. Usimkingie kwa mgongo wa mtu mwingine. Kosa la Kemi lilikuwa la dakika chache, tena nusu yake ni langu. Uovu niliufanya mimi peke yangu, nikiwa na akili timamu na rozari mkononi, nikiuita mapenzi ya mama.

Ukipeleka kinywaji kwa mtu, onja. Na kama hukuonja, sema hukuonja.