Dawa ya Nyumba Nzima

Kaswera alikuwa mchimba chumvi kwenye ziwa la Katwe. Kila asubuhi aliingia kwenye kidimbwi chake, maji mapajani. Lakini kiangazi kile cha 1968 alishindwa. Mapaja yalikuwa yamechubuka kwa kujikuna, na maji ya chumvi yalimchoma kama moto. Mkubwa wa vidimbwi akamwonya: asipofanya kazi kabla ya mvua, kidimbwi anapewa mwingine.

Upele huo wa kuwasha yeye na jamaa zake waliupata kwenye matanga kule Bwera. Walilala siku nne wamebanana chini ya blanketi moja. Mama mkwe wake, Vasta, alisema chumvi inaua kila kitu. Basi Kaswera akamwogesha binti yake Elise kwa maji ya chumvi ya ziwani. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, na vidonda vikazidi. Kisha akapata dawa dispensari, wakajipaka yeye na Elise tu. Baada ya majuma machache, kuwashwa kukarudi.

Akamrudia dresa Yosamu, mganga msaidizi aliyempa dawa ile, uso ameukunja.

"Daktari, dawa yako iko bure."

Yosamu akamuuliza Elise analala na nani.

"Na bibi yake. Lakini yeye hawashwi."

"Bado, mama Elise. Huyu ni mdudu mdogo, macho haimuoni. Anachimba ndani ya ngozi, anataga mayai. Mutu anaweza kukaa naye mwezi mzima mbele ya kuanza kuwashwa. Mujipake wote siku moja, shingo mpaka nyayo. Kesho yake murudie. Nguo na blanketi muchemshe, muanike juani."

Akamweleza pia kuwa ngozi itawasha majuma mawili hata wadudu wakiisha kufa, asikate tamaa.

Nyumbani, mumewe Thembo alikubali. Vasta akakataa.

"Mwili yangu iko safi. Munataka kunipeleka josho kama ng'ombe?"

Kaswera akaweka chupa ya dawa chini.

"Basi, mama, leo hakuna atakayejipaka. Tutakaa hapa na wewe mpaka ukubali. Kidimbwi ikienda, tutakula kujikuna."

Vasta akaitazama mikono ya mjukuu wake. Akalegeza kitenge mabegani.

"Anza na mugongo. Tumbo nitapaka mwenyewe, usinichekeshe."

Walifanya yote kama walivyoambiwa. Juma la tatu, kabla ya mawingu kukusanyika, Kaswera alishuka kidimbwini. Maji yakafika magotini, kisha mapajani. Akasimama, akingoja yamchome.

Hayakumchoma. Akainama, akaanza kuvunja chumvi.