Simu ya Uongo Mosocho

Kila jioni baada ya masomo, Nyanchera na rafiki yake Kavita walipitia kibanda cha simu karibu na soko la Mosocho. Kavita alichunga njia, naye Nyanchera akapiga nambari ya dharura, ambayo haikuhitaji sarafu.

"Ajali! Gari limepinduka hapa Mosocho!" alilia kwa sauti ya mama mzima. Kisha walikimbia wakicheka mpaka mbavu zikawauma.

Alhamisi moja ya mvua, walikuwa dukani kwa Ishwar, babake Kavita, pikapu iliyojaa ndizi ilipoteleza kwenye kona na kupinduka. Dereva alikuwa Angwenyi, jirani wa akina Nyanchera. Miguu yake ilibanwa chini ya usukani. Alipiga mayowe, kisha akanyamaza.

Ishwar aliikimbilia simu ya dukani. Mara akaitazama kwa mshangao.

"Wamekata! Wanasema wamechoka kudanganywa na watu wa Mosocho."

Alipokuwa akipiga tena, Nyanchera alimtazama Kavita. Kavita akainamisha kichwa. Duka lilikuwa limejaa watu, mamake Nyanchera akiwa miongoni mwao. Uso ulimwaka Nyanchera kama aliyezabwa kofi, lakini akanyoosha mkono.

"Baba Kavita, nipe niongee nao."

Akaishika simu kwa mikono miwili. "Afande, usikate! Ni mimi niliyekuwa nikiwadanganya. Naitwa Nyanchera Ratemo, wa darasa la sita. Leo ni kweli. Tafadhali, mtu anakufa!"

Mamake alijifunika uso kwa leso.

Ambulensi ilifika Angwenyi akiwa bado anapumua. Alipona, ingawa mguu mmoja haukunyooka tena. Alipopata nafuu, mamake Nyanchera aliwapeleka wasichana wote wawili hospitalini kuomba msamaha. Nyanchera alishindwa kabisa kumtazama Angwenyi machoni.

"Si nyinyi mlioniangusha," Angwenyi alisema taratibu. "Barabara ilikuwa na utelezi, nami nikaingia konani kwa kasi. Hilo ni kosa langu. Lakini nikiwa pale chini nilisikia watu wakisema gari la wagonjwa haliji. Sitaki mwingine ayasikie maneno hayo. Anayepiga simu ile kwa uongo anamnyang'anya mgonjwa msaada wake."

Nyanchera akaanza kulia.

"Inua uso, mwanangu. Uongo wako nusura uniue, na ukweli wako ndio ulioniokoa. Ukweli ulikuaibisha mbele ya watu, lakini ukausema. Usiache kuusema."