Nasirumbi na Fungu la Seleri

Kila alipotoka shuleni, Nasirumbi alivua sare, akachota maji, kisha akakaa na mdogo wake Paddy wakati Mama akimalizia kazi za nyumbani. Waliishi mtaa wa Sofia mjini Busia, upande wa Uganda, mahali ambapo watu huvuka mpaka asubuhi na kurudi jioni. Nasirumbi alikuwa na miaka kumi na miwili, na Paddy minne.

Ijumaa moja, Paddy akiwa bado kitandani kwa malaria, Mama Selpher alipita kuwajulia hali. Yeye alikuwa mchuuzi wa mboga kutoka upande wa Kenya. Alitua chini fungu kubwa la seleri, mashina marefu ya kijani yenye harufu kali.

"Hoteli waliniagiza, halafu wakakataa," alimwambia Mama. "Dada Peninah, chukua umpikie mgonjwa. Ni heri iliwe kuliko ininyaukie kikapuni."

"Asante sana, dada. Hakuna shina litakalotupwa," Mama akajibu. Kisha akamgeukia binti yake. "Nasirumbi, isimamishe kwenye beseni la maji, uiweke kivulini. Majani tutatia kwenye supu, mashina kwenye maharagwe. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Alisikia kweli. Lakini wenzake walikuwa wanamwita nje wacheze kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, na mpira ulikuwa tayari mkononi mwa mmoja wao. Akaiacha seleri juu ya kichanja cha vyombo nyuma ya nyumba, akakimbia. Hakuikumbuka tena siku hiyo.

Jumamosi adhuhuri homa ya Paddy ilikuwa imeshuka. Mama alibandika supu ya kuku jikoni. "Niletee seleri," aliita. "Ikatekate ndogondogo. Majani huingia mwisho."

Hapo ndipo Nasirumbi alipoikumbuka. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakuta seleri imelala juu ya kichanja kama kamba zilizolowa. Majani ya juu yalikuwa yamekauka kwa jua. Mwezi uliopita aliacha sukuma wiki ikaoza chini ya meza, na Mama alimwambia kwamba asirudie tena kuchezea chakula. Sasa atasema nini?

Aliisokomeza seleri ndani ya gunia nyuma ya kuni, akashuka mbio hadi kwenye kijito kilicho chini ya mtaa. Aliwahi kuona pale majani yanayofanana na seleri. Akayachuma harakaharaka, akarudi, akayakatakata kabla Mama hajayaona, akayamimina chunguni mwenyewe.

"Umekawia," Mama alisema.

"Nilikuwa ninaiosha, Mama."

Mama alipakua supu kwenye bakuli, akaketi kando ya Paddy, akawa anapuliza kijiko. Nasirumbi alisimama mlangoni akinusa vidole vyake. Havikuwa na harufu ya seleri. Vilinuka vibaya, kama tundu la panya. Ndipo alipomkumbuka ndama wa Mzee Owor, jirani yao. Msimu uliopita ndama yule alikula majani kando ya kijito kilekile, na kabla ya jioni alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa.

Paddy alifungua mdomo. Kijiko kikaingia.

"Mama, usimpe!" Nasirumbi alipiga kelele. "Si seleri! Nimechuma kijitoni!"

Kijiko kilianguka. Mama alikuwa mwepesi. Alimwinamisha Paddy, akamfuta mdomo kwa kitambaa. "Amemeza?"

"Sijui," Nasirumbi alijibu.

Mama alimbeba Paddy mgongoni. "Chukua majani yoyote yaliyobaki. Usiyashike kwa mkono mtupu, yatie kwenye mfuko. Twende!"

Walikimbia hadi kituo cha afya. Nasirumbi aliona kisogo cha Paddy kikitikisika, na kila kilipoinama alidhani amekufa.

Mama alipomweleza, muuguzi, Sista Barbara, alimlaza Paddy, akamtazama macho, akamsikiliza pumzi. "Mmemtapisha?"

"Hapana, Sista."

"Vizuri. Mtoto asitapishwe bila kuuliza." Akafungua mfuko, akageuza majani kwa kijiti. "Hii si seleri. Jina lake silijui, lakini baadhi ya mimea ya namna hii huua. Alikula kiasi gani?"

"Kijiko kimoja," Nasirumbi alijibu akilia. "Kosa ni langu. Nilisema uongo."

"Umeusema ukweli mapema, na umeleta majani. Hayo yananisaidia. Sasa tungoje."

Walingoja kwa muda wa saa nne. Kila baada ya muda mfupi Sista Barbara alirudi kumpima. Paddy alipofumba macho, Nasirumbi alimgusa mguu kuona kama bado una joto. Aliomba kimoyomoyo mpaka maneno yakamwishia, akawa anarudia jina la ndugu yake tu.

Mwishowe Paddy aliketi. "Mama, nina njaa."

Sista Barbara alicheka. "Mpelekeni nyumbani. Akilegea au akitapika, mrudisheni mara moja. Ile supu imwageni mbali, na chungu mkisugue vizuri."

Walipofika nyumbani, Mama alimwaga supu shimoni, akafukia. Kisha akauliza kwa upole, "Na seleri yenyewe iko wapi?"

Nasirumbi alitoa gunia huku akiinamisha kichwa. Mama aliisambaza mezani. Alikata vitako vya mashina, akaisimamisha kwenye maji baridi. Baada ya muda mashina ya ndani yalianza kukakamaa tena. Yaliyobaki laini aliyakatia kwenye maharagwe pamoja na vitunguu. Majani makavu aliyasugua viganjani, akayaweka kwenye kopo kuwa kiungo cha mchuzi.

"Mama, kumbe ilikuwa bado inafaa!"

"Ilikuwa inafaa tangu mchana."

Paddy alikula maharagwe na viazi, akaomba aongezewe. Nasirumbi hakugusa chakula chake mpaka alipoona bakuli la ndugu yake limebaki tupu.

Mama akamketisha karibu naye. "Mwanangu, chakula ni jasho la mtu, kwa hiyo tunakitunza. Lakini mboga ikinyauka, niletee, nitajua la kuifanyia. Hata kosa, niletee. Naweza kukasirika, nawe utalia kidogo, kisha tutalimaliza. Usinifiche tena kitu kinachokwenda kuingia mdomoni mwa mtu."

"Sitaficha tena, Mama," alisema Nasirumbi, na safari hii alimtazama mama yake machoni.