Maandishi ya Kioko Niliyoyafuta kwa Msasa

Nina miaka arobaini na mbili, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni kununua fanicha kuukuu na kuzifanya zionekane mpya hapa Emali. Wasomaji wenzangu, nawaandikia haya bila machozi. Si kwamba sioni uchungu... machozi yenyewe hayaji tena.

Nilianza na makochi mawili ya jirani aliyekuwa anahama. Nilibadilisha sponji, nikashona vitambaa vipya, mbao nikazipaka vanishi. Wiki hiyo hiyo yakapata mnunuzi! Tangu siku hiyo sikuweza kuona kitu kizee nikakiacha kilivyo. Meza nyeusi niliipaka rangi ya maziwa, droo nikazitia vishikio vipya, halafu nikaweka picha mtandaoni, za kabla na za baada. Watu walinisifu. Sifa zile zilinilevya.

Mama aliishi kijijini kwetu, Tulia, peke yake. Sebuleni mwake kulikuwa na kabati la vyombo, zito, la mbao nyeusi, ambalo marehemu baba alilinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anastaafu. Kila nilipoenda kumsalimu niliona aibu. Mimi napendezesha nyumba za watu, na ya mama yangu iko hivi?

Mwaka jana mama alianguka akavunjika nyonga. Akalazwa Kitui wiki tatu. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Arudi nyumbani akute sapraizi! Nilimwomba Musyoka, fundi wa pale Tulia anayesali kanisa moja na mama, anisaidie kubadilisha bawaba na vioo vilivyopasuka. Msasa nilisema nitapiga mwenyewe.

Nilipofungua mlango wa kushoto, upande wa ndani, nikakuta maneno yameandikwa kwa penseli. "Mwaitu, ningusyoka. Kioko." Yaani, mama, nitarudi.

Kioko ni kaka yangu mkubwa. Aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa kwenda kutafuta kazi, na mpaka leo hakuna aliyemwona. Picha yake hatuna. Vitabu vyake vya shule vililiwa na mchwa. Nilijua mama hufungua mlango ule asubuhi, lakini siku zote nilidhani anatoa kikombe tu.

Niliyaona maneno yale. Niliyasoma. Musyoka naye aliyasoma, akanishika mkono.

"Mwende, hapo usiguse. Muulize mama kwanza."

Nikamjibu kwamba mama amengoja vya kutosha, kwamba kumbukumbu nyingine zinamzeesha mtu bure. Nani aliniambia niamue mambo hayo? Nikapiga msasa. Haikuchukua hata dakika tano. Vumbi lilianguka sakafuni, nikalifagia pamoja na takataka nyingine, nikapaka rangi mara mbili.

Mama alirudi akitembea kwa magongo. Majirani waliojaa sebuleni walishangilia lile kabati. Yeye alitabasamu, akanishukuru, akasogea polepole hadi mlango wa kushoto na kuufungua. Akapitisha vidole juu ya rangi... juu, chini, juu tena.

"Maandishi ya Kioko yako wapi?"

Sikuwa nimepanga kudanganya. Lakini vidole vyake vilikuwa bado juu ya rangi ile, na watu wote wananitazama. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ni Musyoka, mwaitu. Alipiga msasa nikiwa nimeenda sokoni. Hakujua."

Mama hakulia. Aliufunga mlango, akaomba apelekwe alale.

Habari zilienea Tulia nzima. Watu waliuliza, huyo ni fundi wa aina gani, anafuta kitu bila kusoma? Kazi ya viti vya kanisa, aliyokuwa ameahidiwa, akapewa mwingine. Siku nilipokutana naye njiani alinisalimu, akapita.

Mimi nikarudi Emali kushona makochi yangu. Nilijiambia nitamweleza mama akipata nguvu. Kisha nikasema baada ya Pasaka. Kisha shule zikifungwa... Kila nilipomtembelea alinikalisha kando yake, akanimiminia chai, halafu akaniangalia usoni. Mara moja aliniuliza, "Mwende, huna neno?"

Nikasema sina.

Alifariki miezi minane baada ya kutoka hospitali. Nilipika, nikapokea wageni, nikachagua hata kitambaa cha jeneza. Watu walisema nina moyo wa jiwe. Walikuwa wanakosea? Sijui. Nilikuwa najiangalia kwa mbali, kama mtu mwingine.

Baada ya mazishi nilimfuata Musyoka kwake. Alikuwa anatengeneza stuli. Nilipomwomba msamaha hakukasirika, akanisogezea kiti.

"Mama yako alikuja hapa kitambo," akasema. "Alikuja kwa magongo yake, akaketi hapo ulipo. Akaniambia, 'Musyoka, najua si wewe. Mtoto wangu namjua akidanganya.' Tangu siku hiyo akawa ananiletea viti vyake nitengeneze, hata vizima, ili watu waone bado ananiamini."

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia.

"Mimi nilitaka. Yeye ndiye alikataa. Alisema, 'Mwache. Nangoja aje mwenyewe.'"

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa na kusema ukweli wote. Jina la Musyoka likasafika, kazi zikamrudia. Dada yangu mdogo, aliyeyasikia hayo pale kanisani, hajanisemesha tangu siku hiyo, na simlaumu. Mimi bado napiga msasa, bado napaka rangi. Wateja wanafurahi. Mimi moyoni sisikii chochote.

Ndugu zangu, nawasihi! Kabla hujabadilisha kitu kikuukuu cha mzazi, keti naye umuulize kina nini ndani yake. Mama yangu alikuwa na simu pale wodini. Ningempigia tu! Na ukishaharibu, kiri siku hiyo hiyo, usimbebeshe mwingine mzigo wako, usiseme utangoja wakati mzuri.

Mama alikufa akingoja watoto wawili. Mmoja hatujui aliko. Mwingine alikuwa ameketi kando yake, anakunywa chai.