Kwa Nini Tunageuza?

Kila asubuhi, kabla ya kipindi cha hesabu, wanafunzi wa darasa la sita A walizunguka dawati la Kikokotoo ili kulinganisha majibu. Jina hilo walimpa wenyewe, maana msichana huyo alipiga hesabu upesi kama mashine. Mwenzake wa dawati moja walimwita Polepole. Huyo, kila akifundishwa kanuni, lazima aulize, "Lakini kwa nini?"

"Wewe na kwa nini zako!" Kikokotoo alimwambia siku hiyo. "Geuza, zidisha, basi. Mtihani hauulizi kwa nini."

Mwalimu wa hesabu aliingia, na nyuma yake walimu wenzake wawili pamoja na mgeni aliyefundisha shule ya msingi katika nchi ya mbali. Kwa miezi kadhaa walimu wa shule hizo mbili walikuwa wakiandaa somo kwa pamoja kupitia simu. Leo wangelitazama likifundishwa hapa, walirekebishe wakati wa mapumziko, kisha lifundishwe upya sita B.

Mgeni alikuwa amejifunza Kiswahili, ingawa bado kilimpiga chenga.

"Hamjambo, wanafunzi! Leo mimi na ninyi tutagawanywa."

Darasa likaangua kicheko. "Tutagawanya," Mwalimu alimsahihisha, naye akicheka. Mgeni alicheka kuliko wote, akalirudia neno hilo mpaka likanyooka.

Mwalimu aliandika ubaoni: tatu gawanya kwa nusu. Hata hajaweka chaki chini, Kikokotoo alikwisha simama.

"Sita, Mwalimu! Nusu unaigeuza inakuwa mbili, halafu unazidisha."

"Vizuri sana," alisema mgeni. "Sasa niambie, kwa nini unageuza?"

Kikokotoo hakujua, lakini ulimi ulitangulia.

"Ninajua, ila maelezo yake ni marefu."

Uso wa mgeni ulichangamka. "Marefu ndiyo ninayapenda! Baada ya mapumziko utawaeleza sita B. Sisi tutakaa tusikilize."

Mapumziko yale yalikuwa machungu. Wenzake walikimbizana uwanjani; yeye alibaki darasani akiandika na kufuta, akigeuza na kugeuza tena. Kila mara alipata sita, na kila mara hakujua sita hiyo imetoka wapi. Mwishowe akamwendea Polepole.

"Eti, kwa nini tunageuza?"

Polepole alimkodolea macho. "Ningekuwa ninajua, ningeuliza kila siku?"

Kikokotoo akaamua kwenda kusema kwamba kichwa kinamuuma. Alipofika kwenye ofisi ya walimu, mlango ulikuwa wazi. Walimu walikuwa wameinamia meza, na Mwalimu wake alikuwa akizungumza.

"Nitawaambia ukweli, wenzangu. Mimi nilikaririshwa hivi tangu utoto, na hivyo hivyo nimewafundisha hawa watoto. Nikiulizwa sababu, ninababaika. Tusaidiane."

"Usijali," mgeni alijibu. "Kwetu pia nilikaririsha miaka mingi. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, nikamfokea. Kumbe sikujua."

Kikokotoo alisimama pale mlangoni, na kile kichwa kinachouma kikamtoka akilini.

"Shikamooni, walimu. Mwalimu, nilidanganya. Sijui kwa nini tunageuza."

Alisubiri kukemewa. Mwalimu akamsogezea kiti.

"Marahaba. Njoo ukae. Hapa leo hakuna anayejifanya anajua."

Kengele ilipolia, waliingia sita B wakiwa na ndoo ya lita tatu za maji, jagi la lita moja, kikombe cha nusu lita na kingine cha robo. Mwalimu aliwaalika sita A pia, wakabanana madawatini. Hakuandika kanuni yoyote. Alimpa Kikokotoo kikombe cha nusu lita na kumwambia ajaze jagi.

"Kimoja... viwili. Limejaa!" Kikokotoo alisita. "Kwa hiyo kila lita ina nusu mbili. Lita tatu, basi, ni tatu mara mbili. Sita!"

"Na kikombe cha robo?" aliuliza Mwalimu.

"Kila lita ina vinne," sita B waliitikia. "Kumi na viwili!"

Polepole akanyoosha mkono. "Lakini kama kila mtu anataka robo tatu?"

Hakuna aliyecheka. Kikokotoo alifikiri, safari hii bila haraka.

"Robo ziko kumi na mbili. Kila mtu anachukua tatu tatu, kwa hiyo wanapata watu wanne. Ahaa! Tumezidisha kwa nne, tukagawanya kwa tatu. Ndiko kugeuza kwenyewe!"

Mgeni aliipiga meza kwa furaha mpaka maji yakamwagika.

Baada ya kipindi, Kikokotoo alimwomba Polepole radhi, kisha akamsaidia Mwalimu kufuta meza.

"Mwanangu," Mwalimu alisema, "asubuhi jibu lako lilikuwa sahihi, ila halikuwa lako, ulilikariri tu. Ukisema hujui, unafungua mlango ili wengine waingie kukusaidia. Ukijifanya unajua, umejifungia ndani peke yako."

Kisha akakamua kitambaa na kutabasamu.

"Na mimi leo nimefungua wangu."